Mitungi Arubaini

Chuo chenyewe ni ghorofa mbili
nyuma ya karakana, Kingorani.
Lilikuwa ghala la kahawa na kunde;
hata leo mvua ikinyesha kuta zanukia magunia.
Wanafunzi ni sitini na watatu.
Nimewajua kwa maji, si kwa majina:
mitungi arubaini kila Jumanne,
hamsini ukiandama mwezi wa Ramadhani.

Vyuo vingine mjini vina mabango ya taa,
vyaahidi uhasibu, kompyuta, usimamizi wa hoteli.
La hapa aliandika Shebwana kwa mkono:
FALSAFA. HISABATI. NYOTA. FASIHI.
Rangi ikamwishia kwenye I ya mwisho,
ikasimama FASIH mwaka mzima,
na hapana aliyelalamika.

Kwenye foleni ya kisima watu husema,
"Hiyo falsafa yapikwa na nini?"
"Ndiyo ile ilayo karo ya mzazi
kisha imrudishe kijana nyumbani na swali."
Nami nacheka, nasukuma.
Gurudumu langu la kushoto lina wazimu.

Bibi yangu akitaja chuo, alitaka kitabu.
"Nipa chuo changu," na miwani yake ya uzi.
Baadaye chuo kikawa mkeka, mwalimu na bakora.
Leo kina mkuu, kina mhasibu, kina lango.
Neno moja limehama nyumba tatu
bila ya kutoka Mvita.

Mhasibu ni Bwana Mwakio, mwenye daftari jekundu.
"Njoo kesho," na kesho yake
ina msongamano kuliko Makupa.
Nadai mitungi mia na sitini.
Ningekata, lakini mji huu mifereji yake
hukoroma tu usiku, haitoi kitu,
na vijana wale hunawa mikono kabla ya kushika vitabu.
Nimewaona.

Jumanne moja Daktari Zuhura Bashekhe
akaniita darasani, na jasho langu, na kandambili.
Somo ni deni, akasema. Muulizeni.
Wakatazama ubao. Mmoja wao,
Kadzo, binti wa Rabai, akainuka:
"Maji unayotuuzia ni ya nani?"

Kampuni yasema ni yake, nikajibu.
Mwenye kisima asema ni yake, na yana chumvi.
Mungu hajatuma mtu kudai.
Mimi maji siuzi, binti. Nauza mwendo:
kutoka pale yalipo mpaka hapa mlipo nyinyi.

Kalamu zikakimbia.
Sikuwahi kuona maneno yangu yakiandikwa
ila kituo cha polisi.

Usiku nikamwambia mke wangu,
"Mwanamwinyi, kumbe mimi nauza mwendo."
Akasema, "Basi kesho uza mwendo dukani,
uniletee unga."
Akalala. Mimi nikabaki macho,
nikipima: tangu nilipoanza, miaka kumi na mmoja,
nimekwenda umbali gani, na nimefika wapi?
Bei ya mwendo wa kurudi, mitungi ikiwa mitupu,
hajaniuliza mtu.

Jumanne iliyofuata Kadzo alikuwa langoni.
Akaanza kuhesabu pamoja nami,
kidole juu ya kila kifuniko.
"Thelathini na tisa," akasema. "Huu umevuja."
Ukweli ulikuwa umevuja.
Mwakio akaandika thelathini na tisa,
kwa mwandiko mzuri sana,
akasema njoo kesho.

Nilikasirika? Nilikasirika, kidogo.
Lakini hapana aliyewahi kuhesabu nami.
Kadzo akakaza kifuniko, akaomba radhi
kana kwamba yeye ndiye aliyetoboa.

Nikageuza mkokoteni, nikaifuata njia niliyojia.
Matone yalikuwa bado hayajakauka,
yamechora mstari mwembamba
toka lango la chuo, kupitia kwa fundi wa redio,
kwa muuza mishikaki, hadi Tononoka.
Mji umekunywa mtungi wangu mmoja,
na hauko kwenye daftari la mtu.